Perege wa Bwawa Letu na Mpwa Wangu Mwanahawa

Mimi naitwa Halidi, na Mwanahawa ni mtoto wa dada yangu. Kuna makabila ambayo mjomba ni mtu wa kuja harusini, kula pilau na kuondoka. Kwetu Waluguru, thubutu! Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na akiwa na neno mbele ya wakubwa, mjomba ndiye husimama kumsemea. Kwa hiyo nikimsifu mnivumilie. Nimsifu nani kama si wangu?

Binti huyu alitoka sekondari ya Kilakala na alama safi, akaingia chuo kikuu kusomea samaki. Watu kijijini wakacheka: "Halidi, mpwa wako kaenda chuo kujifunza kuvua?" Nikawaambia chekeni tu, meno mnayo.

Mwaka huu kijiji kikataka kumwaga vifaranga vya sato kwenye bwawa letu la bondeni, maana sato hukua haraka. Mwenyekiti wetu, Hatibu, akasema perege wa bwawani wamekwishachanganyika na sato wa mabwawa ya watu, hakuna tena cha kulinda. Mwanahawa akaja juu.

"Nani kawapima? Sato akiingia humo atazaana nao, na perege wetu wa asili ndiyo basi tena!"

Hatibu akampa muda hadi mkutano wa kijiji unaofuata, alete ushahidi.

Mwanahawa akaniomba nimpelekee samaki wa bwawani kule chuoni, Morogoro mjini. Sasa, mke wangu Chausiku aache mzigo wa mpwa uende hivi hivi? Kwetu samaki wa kupelekewa mtu haendi na matumbo yake. Akawapara, akawatumbua, akawakausha kwa moshi, akawafunga vizuri kwenye majani ya mgomba. Nikafika maabara kifua mbele. Mwanahawa akafungua, akanusa ule moshi, akashika kichwa.

"Mjomba! Hawa nitawala. Kuwapima siwezi, nahitaji walio hai!"

Alicheka hadi machozi, kisha yakawa machozi kweli, kwa sababu mkutano ulikuwa umekaribia. Roho iliniuma jamani. Nikarudi kijijini kwetu mlimani siku hiyo hiyo.

Safari ya pili nilipanda bodaboda, ndoo ya maji mapajani, mkono mmoja ukikoroga maji njia nzima ili perege wapate hewa. Kila shimo la barabara lilinimwagia. Yule kijana wa bodaboda akasema hajawahi kubeba abiria anayebembeleza kitoweo. Nikamwambia endesha, hivi vitoweo vina kesi.

Mwanahawa akanivalisha koti jeupe nikae nitazame. Alitoa seli kwenye figo za samaki, akazitayarisha kwa dawa zake, kisha akapanda juu ya kigoda. Akapumulia kipande cha kioo kipate unyevu, akadondosha tone kutoka juu, seli zipasuke na kromosomu zitawanyike. Vioo vya kwanza kromosomu zilirundikana, hazikusomeka. Akarudia, tena na tena, hakununa hata kidogo. Uvumilivu ule ni wa dada yangu mtupu.

Akanieleza kwamba ndani ya kromosomu kuna vipande vya vinasaba vinavyojirudia, kama kiitikio kwenye wimbo wa ngoma. Sato ana mahali pake pa kiitikio, na perege ana pake. Alivipaka rangi inayowaka chini ya darubini, ajue kila kimoja kimekaa wapi. Samaki wa mchanganyiko angeonyesha alama za pande zote mbili.

Kazi ile ilichukua siku kadhaa, nami sikuondoka mjini. Mwishowe akaniita kwenye darubini. Niliona vijiti vidogo vya buluu, na juu yake nukta za kijani zikiwaka.

"Hao ni perege watupu, Mjomba. Wote niliowapima, hakuna hata mmoja mwenye alama ya sato."

Mimi mzee mzima nililia mle maabara, na sioni haya kusema.

Mkutanoni Hatibu akaita: "Halidi, simama umsemee mpwa wako." Nikasimama. Wale wa kucheka nao wamo.

"Leo neno la ukoo wetu lina mwenyewe," nikasema. "Mwanahawa, inuka."

Nikakaa. Akainuka, akapitisha picha zake mkono kwa mkono, akaeleza kila nukta mpaka bibi wa nyuma kabisa akaelewa. Hatibu aliitazama picha, akakohoa, akatangaza kwamba sato hataingia bwawani. Vigelegele! Mcheza kwao hutunzwa: Chausiku akamtupia kanga mpya mabegani.

Tulipokuwa tunatawanyika, Hatibu akanivuta pembeni. "Sasa Halidi, kazi ya mjomba umeiacha? Mbona hukumsemea?"

"Angekuwa ameshindwa," nikamjibu, "ningesimama mimi."