Nguzo Nyeupe, Kichwa Chekundu

Kilichoninyima usingizi wiki ile ni rangi nyekundu. Kikundi chetu cha matembezi kilikuwa kimeniomba nibuni nembo na alama za njia inayotoka Kabungu, inakatiza mashamba, inapanda mpaka kwenye miamba ambako wageni hupenda kupiga picha. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina ajira, na hiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ambayo watu wangeiona. Nembo niliichora unyayo wa mtu kando ya ukwato wa ng'ombe, kwa sababu njia ile waliichonga ng'ombe. Nguzo nilitaka ziwe za zege, nyeupe, kichwa chekundu, zionekane hata nyasi zikirefuka. Kikundi kizima kilishangilia. Tukasimika moja ya majaribio karibu na nyumbani kwetu. Nyingine zikabaki zinakauka uani kwa mwenyekiti wetu, kule mtaa wa Makanyagio.

Jioni mama alirudi na kuni kichwani. Alipofika kwenye nguzo akasimama, akautua mzigo taratibu.

"Mayu," akaniita, kama Wasukuma tunavyomwita binti tunayempenda, "wamesema tuhame lini?"

"Nani, mama?"

"Wenye bikoni."

Nikacheka. Nikamweleza kwamba hiyo si bikoni ya mpaka, ni yangu mimi, ya kuwaonyesha wageni njia. Akapitisha kidole kwenye ule ukwato, akasema nimeuchora vizuri. Kisha akabeba kuni zake.

Kesho yake hakuendelea kukandika kuta za jiko alilokuwa anajenga. Udongo alishaukanyaga ukalainika. Akaufunika gunia tu.

"Tuache kwanza, tuone," alisema.

Hakuwa na hasira hata kidogo. Nilikuwa mgongoni mwake tulipotolewa kule tulikochungia zamani, mimi sikumbuki chochote. Yeye anakumbuka kwamba zilitangulia nguzo nyeupe zenye rangi nyekundu, wakafuata watu. Aliniamini, nina hakika. Ila mikono yake ilikataa kujenga.

Basi nikaanza kuwaza kama kawaida yangu. Labda ni mama peke yake. Labda niandike chini ya nguzo kwamba si mpaka. Lakini wangapi wataisoma, na nani atatulia akikuta kibao kinachoanza kwa kukanusha? Nikisema, kikundi kitaona sijui ninachotaka. Nembo yenyewe nilishaibadilisha hadi wakachoka. Nisiposema, je?

Nikapanda bodaboda hadi kwa mwenyekiti. Alikuwa na wenzake wawili wanageuza nguzo juani.

"Umekuja kubadilisha nini tena, msomi?"

"Rangi."

"Si niliwaambia nyie? Huyu ukimpa chai anauliza majani yalichumwa na nani!"

Wakacheka, na mimi nikacheka nao, na kidogo niage niondoke. Badala yake nikawaambia habari ya mama na udongo aliofunika. Kicheko kikakatika.

"Njia nzima ni nyumba za watu waliohamia baada ya kutolewa kwingine," mmoja wao akasema polepole.

"Kwa hiyo wote watatuuliza hivyo?" mwenyekiti akaniangalia.

"Hawatauliza. Wataacha tu kujenga."

Akakuna kidevu. "Na rangi imeshakauka, dada."

"Nitapaka mwenyewe. Zote."

"Rangi gani? Ukisema unaenda kufikiria, nakufukuza hapa."

"Bluu," nikasema. "Kama milango ya nyumba za watu. Juu mpaka chini, nembo nyeupe."

Nilijishangaa, sikuwa nimeliwaza hilo hata mara moja. Mwenyekiti akaingia stoo, akatoka na kopo la bluu lililobaki alipopaka madirisha yake.

Nilirudi Kabungu nimelibana kopo kati yangu na dereva. Mama akatoka kuangalia. Nikachovya brashi, nikaanzia pale juu kwenye nyekundu, yeye akanishikia kopo huku ananionyesha sehemu nilizoruka.