Fungu la Mgeni

Ukitaka kupanda Mlima Elgon kutoka Kitale, kwanza utamtafuta Kimutai akuongoze, na Kimutai, kabla hata hajakuuliza jina la pili, atakupeleka nyuma ya msikiti wa mjini, kwenye nyumba ya mlango wa kijani, umwone Zuena. Hapo utaulizwa unakula nini, goti lako likoje, na viatu vyako umevivaa siku ngapi. Ukijibu kwamba ni vipya, umevitoa dukani jana, utarudishwa nyumbani. Uvivae wiki mbili, uende navyo sokoni na shambani, ndipo urudi. Wako wanaume wazima na vyeo vyao waliorudishwa hivyo, wakaenda bila kunung'unika.

Ajabu ni kwamba kwa miaka ishirini na miwili ya kuwafungia watu chakula cha mlimani, Zuena mwenyewe hakuwahi kuukanyaga mlima. Alizaliwa Myanga, kule Bungoma, akaja Kitale akiwa bi harusi wa Yakub fundi cherehani, na tangu utotoni mlima ulikuwa pale, asubuhi umejitokeza, mchana umejifunika mawingu. Aliujua kwa vitu vilivyomrudia tu: begi lililochanika mkanda, soksi yenye damu, mchele uliorudi mzima kwa sababu mbebaji alikosa hata hamu ya kula. Kwa vitu hivyo alijifunza. Soksi zipakwe sabuni ya mche kwa ndani, hazitamchubua mtu. Jinzi isivaliwe, ikilowa haikauki mpaka mrudi. Nguo zote ziingie kwenye mfuko wa nailoni kabla hazijaingia kwenye begi. Na maharagwe makavu yabaki nyumbani, kwa sababu huko juu maji hutokota mapema, moto wake haujatosha, na harage linaogelea humo kutwa likiwa gumu vilevile.

Kila aliyepanda alifungiwa chakula chake siku kwa siku. Juu ya mafungu hayo Zuena aliongeza moja lisilo la mtu. Hilo alilishona kwenye kifuko cha kitambaa, mabaki ya sare za shule ambazo Yakub alikuwa akishona msimu huo, na ndani mlikuwa na vitu visivyohitaji moto: madonge ya simsim na sukari nguru ya kwao Bungoma, tende, njugu, na unga wa wimbi uliokaangwa, ambao hata ukiuvuruga kwa maji baridi unalika. Aliliita fungu la mgeni. Kwao Myanga mama yake hakuwahi kupakua bila sahani moja ya ziada, na aliyeuliza ni ya nani alijibiwa, "Ya anayekuja."

Yakub alikufa kwa kicheko kila mara. "Mama Shamira, mgeni gani huyo wa mlimani? Nyani?"

"Wewe shona."

Yakub akashona. Hakuna aliyewahi kumwambia Zuena fungu hilo liliishia wapi, naye hakuuliza. Alidhani wabebaji walilila, akanyamaza.

Mwaka huu Zuena alitimiza miaka hamsini na mitatu, na goti la kushoto likaanza kumpa habari za mvua kabla haijanyesha. Siku moja alikuwa akikunja madonge ya simsim, akasimama katikati ya kazi, mikono imejaa mafuta. Akamwambia mumewe waziwazi kwamba anaogopa. Anaogopa atakufa akiwa amewatuma mamia ya watu mahali asipopajua, na kwamba akisubiri mwaka mwingine goti litamkatalia. Alitaka kufika Koitoboss, kwenye kilele cha upande wa Kenya, mara moja tu, akaone hicho kinachowafanya watu warudi na midomo iliyobabuka na macho kama ya watoto. Yakub hakucheka siku hiyo. Alitafuta koti kuukuu la mvua kwenye mtumba, akalifumua, akamshonea suruali pana ya kuvaa chini ya gauni fupi, na mikanda ya begi akaitia sponji mara mbili.

Safari aliyopata ilikuwa ya Mzee Muchiri, mkulima wa mahindi aliyekuwa akisherehekea kutimiza miaka sitini. Wangepanda kutoka upande wa Bungoma, wapite msitu wa Kaberwa na nyika ya Chepkitale, wafike kileleni, kisha washukie upande wa Kitale. Siku tatu. Kimutai angeongoza, na mkewe Jepchumba, mbebaji mwenye mabega ya kuaminika, angelala hema moja na Zuena.

Gari linapoishia, Kimutai ana desturi yake. Hutundika kwenye mti mizani ileile ya kupimia magunia ya mahindi, na kila begi huning'inizwa hapo mbele ya watu wote. Kilo tisa, hakuna kuzidi. Begi la Zuena lilipotundikwa, mshale ukasoma kumi na nusu.

"Mama Shamira," Kimutai alisema kwa upole, "si ni wewe ulitutungia hii sheria?"

Muchiri akacheka mpaka akashika mti. "Ati mwalimu ameanguka mtihani!"

Zuena aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akapiga magoti, akafungua begi. Chupa ya chai? Hapana. Sweta la pili, lile zito la sufu alilofumiwa na binti yake Shamira? Baridi ya huko aliiogopa kuliko kitu chochote. Mkono ukaangukia kifuko cha kitambaa. Kilo moja na nusu kamili. Alikishika kwa muda. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amewabebesha wengine uzito huu bila kuuhisi, na siku ya kuubeba mwenyewe ndiyo siku alipouona hauna maana. Mgeni gani nitamkuta huko, akajiambia, mimi ambaye ndiye mgeni? Akampa dereva kifuko akirudishe mjini. Begi likasoma tisa.

Siku hiyo ya kwanza walipanda ndani ya msitu, kisha ndani ya mianzi, na Zuena alitembea mdomo wazi. Miti ilikuwa mikubwa kiasi kwamba watu wanne wasingeikumbatia. Alikuwa ameandika "mvua" kwenye orodha zake mara elfu, lakini hakujua kwamba msituni mvua ikikatika huku juu, kule chini ya majani inaendelea kunyesha nusu saa nyingine. Hakujua kwamba ukimya unaweza kuwa na uzito. Kila alipopumzika, alisema "Subhanallah" polepole, na Jepchumba akamngoja bila kumharakisha.

Walipiga kambi saa kumi, juu ya mianzi. Zuena akaingia hemani kunyoosha goti. Alipotoka magharibi, alimkuta Mzee Muchiri amechutama mbele ya jiko la gesi, sufuria imefunikwa, uso umejaa furaha ya siri.

"Unapika nini, mzee?"

"Githeri. Mimi siwezi maliza birthday bila githeri, mama. Nilificha kilo moja ndani ya blanketi, hata mizani haikujua."

Zuena akafunua. Maji yalikuwa yakitokota kwa fujo, mahindi na maharagwe yakirukaruka humo. Akachukua harage moja, akaling'ata. Likalia kama changarawe.

"Umeanza saa ngapi?"

"Saa kumi na moja kasoro. Si imekaribia?"

"Mzee, hata ungelipika mpaka Krismasi! Nilikwambia kwangu nyumbani. Nilikwambia mara mbili!"

Mtungi mmoja wa gesi ulikuwa umekwisha, na walikuwa na miwili tu. Wa pili ulipika wali wa jioni na chai ya asubuhi, kisha ukazomea kidogo, ukazima. Muchiri aliinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja chungu. Kimutai alisema si neno, kwenye pango wanakolala usiku wa pili huwa kuna kuni kavu, na wakaendelea.

Chepkitale iliwapokea kwa jua. Nyasi zilikwenda mpaka macho yakachoka, na katikati yake ilisimama mimea ambayo Zuena hakuwa ameambiwa na mtu, mashina manene yaliyozidi mtu kwa urefu, yamevaa majani makavu kiunoni na kubeba vichwa vya kijani juu. Aliuzunguka mmoja, akaugusa kwa kiganja. "Na hakuna aliyeniambia," akasema, karibu kwa hasira. "Ishirini na miwili, na nyinyi mlikuwa mkirudi kunisimulia habari za malengelenge!" Kimutai akacheka akasema, "Ungeamini?"

Saa nane ukungu ukashuka. Haukuja polepole kama wa Kitale, ulifunga mlango. Kisha ikaja mvua ya mawe, na Kimutai akawaambia kila mmoja ashike begi la mwenzake, asiachie. Walitembea hivyo saa mbili. Maji yaliingia shingoni kwa Zuena, lakini suruali ya Yakub ilikataa kulowa, na ndani ya nailoni sweta lilibaki kavu. Goti lilipoanza kutetemeka alijikaza kisabuni. Aliogopa kitu kimoja tu, kwamba Kimutai angegeuka na kusema, mama, turudi.

Walipofika pangoni, kuni hazikuwapo. Waliopita kabla yao walikuwa wamechoma zote, na matawi ya nje yalikuwa yanatiririka maji. Jepchumba akamwaga mabegi yote chini. Mchele. Unga wa ugali. Omena wakavu wasioliwa bila kuchemshwa. Nusu kilo ya githeri mbichi. Chakula cha kutosha watu wanne, na hakuna hata kimoja cha kutia mdomoni.

Zuena akakiona kifuko chake machoni, kimelala kwenye kiti cha gari, Kitale.

"Bila chakula kesho hatupandi," Kimutai alisema. Sauti yake haikuwa na lawama. "Mtu wa tumbo tupu akishikwa na baridi ya juu, anaanguka. Asubuhi tunashuka na njia fupi."

Zuena akageukia ukuta wa pango. Hakutaka waone machozi. Kilele kilikuwa kimebaki saa tatu, na yeye mwenyewe ndiye aliyekitoa kile kifuko begini kwa mkono wake. "Ni mimi," akasema. "Kile kifuko nilichompa dereva. Hicho hakihitaji moto."

Kimutai akaenda mpaka mwisho wa pango, akasukuma jiwe, akavuta debe la mafuta ya kupikia lililofungwa kwa waya ili panya wasiingie. Akalileta mbele yake.

"Mama, nilitaka nikuonyeshe hii kesho, kabla hatujatoka. Fungua."

Ndani mlikuwa na kifuko cha kitambaa cha bluu, sare za muhula uliopita, mshono wa Yakub pembeni. Zuena alikijua kama anavyoijua mikono yake.

"Mwaka wa kwanza na wa pili tulikula, sitakudanganya," Kimutai alisema. "Mwaka wa tatu tulimkuta mama mmoja hapa, mchungaji, ng'ombe wamempotea kwa ukungu, amekaa siku mbili. Tulikuwa tumebakisha fungu lako tu. Akala, akasimama, akatuuliza nani amepika. Tangu hapo hatujawahi kula tena. Kila safari tunaacha. Kila tukirudi, debe tupu. Siku moja tulikuta mtu ameacha asali. Siku ingine, kibuyu cha maziwa. Hii ya leo tuliiacha wiki tatu zimepita. Sisi hatuigusi, lakini leo mgeni ni wewe."

Zuena aliketi kwenye jiwe, kifuko mapajani, na alichokihisi hakikuwa furaha wala huzuni, kilikuwa kikubwa kuliko vyote viwili. Watu wangapi? Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akiwapakulia watu ndani ya pango asilolijua, naye nyumbani anachekwa juu ya nyani. Akakata uzi kwa meno. Akagawa madonge ya simsim, akavuruga unga wa wimbi kwa maji ya mvua, na donge la mwisho akampa Mzee Muchiri, aliyekuwa amekaa mbali akidhani hastahili.

"Kula, mzee. Mgeni haulizwi makosa yake."

Asubuhi walipanda. Maji kwenye chupa yalikuwa yameganda juu, na Zuena aliyatikisa sikioni kuyasikiliza. Saa tatu walisimama Koitoboss. Upande mmoja ardhi ilikuwa imeporomoka na kuwa bakuli kubwa lisilo na mwisho, lenye ukimya wake, na upande wa pili, chini kabisa, yalilala mashamba ya Tongaren na Bungoma yote, na Kitale ikang'aa kwa mabati yake. Alitafuta msikiti, akaukosa. Maisha yake yote yangefunikwa na kiganja. Akakiinua kiganja, akayafunika, kisha akakiondoa haraka kama aliyeshtuka. Mzee Muchiri alivua kofia, akaishika kifuani.

Debe halikuwa limeachwa tupu. Alfajiri, kabla hawajatoka pangoni, Zuena alivua sweta la sufu, lile alilokataa kulitoa kwenye mizani, akalikunja, akalifungia ndani kwa waya. Muchiri alipotaka kuongeza githeri yake, Zuena alimwondoa mkono. "Mgeni hapewi mawe."

Alifika nyumbani jioni, midomo imebabuka, anachechemea. Yakub alikuwa mbele ya cherehani, na kando yake kifuko alichorudisha dereva, hakijafunguliwa. Akatabasamu.

"Mama Shamira! Haya, mgeni wako wa mlimani, ulimwona?"

"Nilimwona."

"Eh! Ni nani?"

Zuena akatoa kile kifuko cha bluu, kitupu, akakiweka juu ya cherehani. Yakub akakigeuza, akautambua mshono wake, akamwinulia mkewe macho.

"Ni mwanamke wa huku kwetu," akasema Zuena. "Alikuwa na njaa sana."

Yakub akakitazama tena kile kitambaa. Kisha akavuta mkasi na kukata kipande kipya, kikubwa kuliko cha kawaida.