Ndege ilitupiga chini Turiani, Kaka Kobelo akashuka kwa miguu yake

Wakuu, salamu kwenu. Hili nimekaa nalo miaka mingi. Naliweka hapa bila chumvi.

Ni enzi za ubinafsishaji, mashirika yanauzwa, watu tunapunguzwa kazini kila siku. Mimi na Kaka Kobelo, fundi mitambo, Mluguru wa Bigwa chini ya milima ya Uluguru, tulipunguzwa pamoja, tukapata kibarua pamoja kwenye kampuni ya mtu binafsi pale Dar.

Tukatumwa Turiani kufunga mashine kwenye shamba moja la miwa. Mvua ilikuwa imekata barabara, bosi akakodi kindege. Abiria ni sisi wawili, na rubani.

Juu ya Uluguru tulirushwarushwa, mimi nasali tu. Kobelo anacheka, ananionyesha chini: "Mke wangu yuko hapo, hajui kama nampita kichwani."

Kutua sasa.

Uwanja wa nyasi, umelowa. Tumebakiza kidogo kugusa ardhi, upepo ukatuachia. Tukashuka kama gunia. Kishindo! Gurudumu la mbele likakatika, pua ikalima tope.

Mimi mkono ulivunjika, rubani damu usoni. Kobelo hana hata mchubuko. Ndiye aliyetutoa, akachana shati lake kunifunga mkono.

Gari la shamba likaja. Nikamwambia twende wote hospitali, akagoma.

"Wahini nyie wenye majeraha. Mimi tumbo tu kidogo, ule mkanda umenibana."

Nikiwa nafungwa POP wakamleta kwenye tela la trekta. Rangi imempotea, tumbo limejaa, hasemi. Damu ilikuwa inavujia ndani. Chumba cha upasuaji hakukifikia.

Kesho yake nikapelekwa Bigwa, mkono umening'inia shingoni. Shemeji akatoka mbio kunipokea, anatabasamu.

"Pole shemeji! Mwenzio jana alipiga simu kwa jirani kutoka ofisi ya shamba, kasema mmeanguka lakini yeye mzima kabisa. Mbona peke yako? Kabaki na kazi?"

Nikakaa pale pale chini nikalia. Ndivyo alivyojua.

(Wanaume tunaambiwa tusilie. Sawa.)

Nilichojifunza: kwenye ajali, anayetembea si lazima awe mzima. Akikwambia "tumbo kidogo tu", mbebe hata kwa nguvu, atakulaumu akishapona.

Kama kuna daktari humu, naomba anijibu bila kunionea huruma: tungeondoka naye kwenye lile gari la kwanza, angepona?