Sindano Yako Umeibadilisha Lini?

Neno "karibu" lilikuwa limefumwa kwenye zulia dogo mlangoni mwa duka la santuri, na hapo ndipo lilipoishia. Ndani hukulisikia. Mwenye duka alikutazama viatu, kisha mikono, kisha akakuuliza swali lake moja: "Sindano ya mashine yako umeibadilisha lini?" Ukijibu hukumbuki, au, Mungu apishe mbali, ukimuuliza sindano gani, ujue safari yako imekwisha. Hakuuzii. Sindano iliyochakaa hukwangua santuri kama kijiko kinavyokwangua ukoko wa sufuria, naye hakuwa tayari kuzipeleka santuri zake machinjioni. Mtaa mzima ukamwita Sindano, na wageni wakawa wanamletea suruali za kupunguza.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mjuaji tu, na mjuaji akipewa duka ni balaa.

Kisha Jumba likafunguliwa ng'ambo ya barabara. Jina lake halisi lilikuwa refu na lenye taa, lakini watu waliliita Jumba, nalo lilikuwa na matawi kila kona ya mji. Liliuza ndoo, mashuka, majokofu na, kwenye dirisha la mbele kabisa, santuri mpya zilizofungwa nailoni. Keshia wake alikupokea kwa maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Wateja wa Sindano, wale wachache aliokuwa hajawakosoa bado, wakavuka barabara, na mwezi ukapita hajaona hata mmoja akirudi.

Dada yake mkubwa ndiye aliyechoka kwanza. Chumba cha duka walikirithi wote wawili kwa baba yao, na binti wa dada alikuwa amehitimu ususi, anatafuta mahali pa kuweka viti vyake.

"Mdogo wangu," dada alisema Jumatatu moja, amesimama mlangoni bila kuingia, "Jumamosi nitapita hapa. Nikikuta watu, nitanyamaza. Nikikuta uko peke yako na kelele zako, chumba nampa mwanangu."

"Watu wangapi, dada?"

"Wewe anza na mmoja."

Sindano alimjua dada huyo tangu azaliwe. Akaanza kutafuta kofia.

Siku hiyohiyo alivuka barabara kupeleleza, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, utadhani kuna mtu mtaani asiyejua mwendo wake. Akaziona santuri zimeegemezwa mshazari kwenye kioo, na jua limezikalia kooni. Akaambiwa zinakaa hivyo tangu asubuhi hadi alasiri, kila siku. Santuri ikipata joto hulegea, ikilegea imeegemezwa hupinda. Nusu ya moyo wake ilitaka kucheza. Nusu nyingine, ile iliyopenda santuri, iliumia kwelikweli, na ndiyo iliyompeleka kwa meneja.

"Bwana meneja, zitoe zile dirishani. Zinapinda."

"Mzee, mpangilio wa bidhaa unatoka makao makuu."

"Na jua nalo linatoka makao makuu?"

Meneja akatabasamu kama alivyofundishwa, akamwita mlinzi amsindikize mzee. Sindano akatoka na dhamiri nyeupe kabisa, kwa kuwa alikwishawaonya. Akaenda moja kwa moja kwa fundi vioo, akakatiwa vioo vinane. Kufika dukani akabandika karatasi mlangoni: TUNANYOOSHA SANTURI. HATA ZA JUMBA.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unaiweka santuri katikati ya vioo viwili, unaianika uani dakika chache mpaka ilegee, unaiingiza kivulini na kuilaza chini ya tofali mpaka ipoe. Jua lilelile lililoipinda ndilo linaloinyoosha.

Jumatano akaja mwalimu wa hesabu na santuri iliyojikunja kama ukingo wa kofia. Jumba walikuwa wamemkatalia kuirudisha kwa sababu nailoni ilishachanwa. Alhamisi wakaja wanne. Ijumaa wakawa wanakanyagana. Na mtu anayesubiri santuri ipoe atafanya nini? Anapekua rafu. Sindano naye yuko uani na vioo vyake, hana nafasi ya kumuuliza mtu lolote, kwa hiyo watu wakachagua walichotaka na kulipa. Yeye mwenyewe hakuona uhusiano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Jumamosi dada akafika, akakuta duka limejaa. Akapanga foleni nyuma kabisa, mkoba ameukumbatia kifuani. Sindano alipomwona kichwa kikamvimba.

"Hesabu mwenyewe, dada."

"Naona wote wameshika mifuko ya Jumba."

"Mifuko ni ya Jumba. Miguu iko kwangu."

Watu wakacheka. Dada hakucheka. Akafungua mkoba, akatoa mfuko wa Jumba, na ndani yake santuri iliyopinda. Sindano akaitambua kabla hajasoma jalada. Ilikuwa na nyimbo zilezile alizokuwa akizipiga baba yao kila Jumapili asubuhi huku akipiga rangi viatu vya nyumba nzima.

"Lakini ya baba iko hapa," alisema. "Ileile yenyewe. Mbona hukuniomba?"

"Niliomba. Mwaka ule aliokufa baba. Ukaniuliza sindano yangu nimeibadilisha lini."

Duka zima likasogea karibu, maana hakuna anayetaka kupitwa na ugomvi wa ndugu. Sindano alikumbuka. Alikumbuka hata kwamba siku ile alilala akijiona mtu wa haki, na aibu ikamshika mbele ya mwalimu wa hesabu na wenzake.

Hakuigusa santuri iliyopinda. Alikwenda kwenye rafu ya juu, akashusha ya baba yao, yenye alama ya kidole cha rangi ya viatu kwenye jalada. Akafungua mtoto wa meza, akatoa sindano mpya kwenye kiboksi chake, akaviweka vyote mikononi mwa dada.

"Nitakuja kukufungia hiyo sindano," alisema. "Ukiniruhusu."

Dada aliweka kidole chake juu ya ile alama.

"Mwanangu atatafuta chumba kwingine," alisema. "Ila siku nikisikia umemuuliza mtu swali lile, nakuja na kufuli yangu." Halafu akavuta kigoda, akaketi karibu na mlango kama msimamizi wa mtihani.

Hapo akaingia fundi baiskeli, vidole vimejaa grisi, ameshika santuri isiyo na jalada, dole gumba limetua katikati ya mistari yake. Swali lile likamfika Sindano kwenye ncha ya ulimi. Akafungua mdomo. Dada akamtazama juu ya miwani.

"Karibu," Sindano alisema, na kwa kuwa neno lilikuwa geni kinywani mwake, akalirudia ili alizoee.