Kigari cha Mtoto wa Miezi Minane

Wiki tatu nzima nilipita mbele ya kile kigari nikijifanya natafuta sweta. Kilikuwa kimewekwa nje ya kibanda cha mitumba ya watoto, hapa Kamere, kwenye barabara inayoshuka ziwani. Kila jioni nilipotoka kazini nilisimama pale nikishikashika sweta ambazo sikuzitaka, jicho langu likiwa kwenye magurudumu. Sijui nilikuwa namdanganya nani. Mwenye kibanda alikuwa ameshanijua kuwa mimi ni wa kuangalia tu.

Nina mtoto wa kike. Wakati huo alikuwa na miaka mitatu na nusu na hakuwa ametembea. Hakuwa ameketi mwenyewe pia, ukitaka niseme yote. Ukimweka chini bila kumwegemeza huinama polepole upande mmoja mpaka shavu liguse mkeka, na hapo hutulia akikuangalia kwa macho yake makubwa, bila lawama yoyote. Watu hupenda kuniambia kwamba watoto kama huyu ni malaika. Wanaosema hivyo huwa hawana hata mmoja, na wakishasema huondoka zao kwa miguu yao.

Tulikuwa bado tunambeba mgongoni, mimi na mama yangu. Hapa kwetu mtoto aliyefungwa kwa leso mgongoni haulizwi maswali. Watu huona kichwa, husema amekua, hupita. Hiyo siri nilikuwa nimeigundua mapema na nikaitumia mpaka ikachakaa. Miguu yake niliikunja ndani ya leso, nikafunika shuka juu hata jua likiwaka, nikamvisha kofia za watoto wachanga. Lakini kazi yangu ni kupanga maua ya waridi kwa urefu katika shamba moja hapa kando ya ziwa. Kutwa nzima nimesimama mezani nikitenganisha shina la sentimita hamsini na la sentimita sitini kwa kutazama tu. Macho ya namna hiyo hayadanganywi na leso. Kila nilipomfunga nilijua ni kiasi gani cha mguu kimebaki nje, na kila baada ya miezi kadhaa kilikuwa kimeongezeka.

Kisha mama akaanguka naye.

Mama ndiye anayemlea nikiwa kazini. Amepita miaka sitini na magoti yake hayamsikii tena. Alikuwa anatoka dukani, mtoto mgongoni, akateleza kwenye changarawe. Alijitupa mbele kwa mikono ili asianguke chali na kumlalia. Mtoto hakuumia hata kidogo. Mama alichubuka viganja vyote viwili, na nilipofika jioni nilimkuta akiosha sufuria kwa vifundo vya vidole kwa sababu viganja vilikuwa havishikiki.

"Kuna kigari hapo kwa mitumba," nikamwambia. "Si lazima umbebe kila mahali."

"Kigari cha nini?"

"Cha kumsukuma."

"Asukumwe aende wapi?" Hakugeuka. "Ukishamweka hapo, umemkalisha. Hiyo miguu ikijua kuna magurudumu, itaamka ifanye nini?"

Ni lazima nieleze kwamba mtoto huyu ana jina la mama yangu. Sikuolewa, na kwa desturi yetu mtoto wa kwanza wa binti aliyezalia nyumbani hupewa jina la upande wetu. Baba yake yuko Nakuru, hupiga simu mara mojamoja na kuuliza "Ameanza?" bila kusema kuanza nini. Kwa hiyo mama hamwiti mtoto kwa jina, humwita wajina, na amemchukua kama mwili wake wa pili. Wajina hajalala vizuri. Wajina hapendi uji wa leo. Kila asubuhi kabla sijaondoka humshika chini ya makwapa, humsimamisha juu ya mkeka na kupaza sauti, "Amekanyaga! Umeona? Leo amekanyaga!" Mimi niliona miguu miwili ikivukana kama mkasi. Nilifunga viatu vyangu nikasema ndiyo, nimeona.

Nitasema jambo ambalo halinipendezi. Matumaini ya mama yalikuwa yananikera vibaya sana, na ndiyo niliyokuwa nayaegemea. Yangu nilikuwa nimeyamaliza kitambo, pengine kwenye foleni ya kliniki, pengine siku yule dada wa mazoezi ya viungo alipoacha kusema "akitembea" akaanza kusema "tutaona". Lakini maadamu mama alikuwa bado anapaza sauti kila asubuhi, mimi niliweza kwenda kazini. Nikinunua kigari nitakuwa nimesema waziwazi kwamba mtoto wangu hatatembea, na nitakuwa nimemnyang'anya mama kitu ambacho sina cha kumrudishia. Nisiponunua, siku moja mama ataanguka naye chali.

Siku niliyopata ujasiri wa kuuliza bei, mwenye kibanda alikuwa anafungua belo mpya ya nguo. Ni mwanamke wa rika langu, ana maneno mengi na ucheshi wa kibiashara.

"Karibu customer. Leo unabeba sweta ama leo pia ni kuangalia?"

"Hiyo stroller inauzwa?"

"Hapa kila kitu inauzwa. Hata mimi, ukifika bei." Akacheka, akakivuta mbele. "Elfu tatu, tutaongea. Ni ya mtoto wako? Ako na miezi ngapi?"

"Nane," nikasema.

Jibu lilitoka bila kupita kichwani. Yeye akapiga makofi.

"Hapo sasa! Hii atatumia mpaka atembee, halafu unanirudishia, nakutafutia baiskeli ya magurudumu tatu."

Nilikikagua ili nisimtazame usoni. Kilikuwa kikuukuu kweli. Kitambaa cha bluu kilikuwa kimepauka karibu na kijivu, kifuniko chake cha jua kimeshonwa kwa uzi mweusi, gurudumu moja la mbele linaburuta, na kifungo cha mkanda kimepotea, mahali pake pamefungwa kamba ya kiatu. Kwenye mshono wa kiti palikuwa na chembe za biskuti ya nchi nyingine. Kilichonishika ni pale pa kuwekea miguu. Plastiki ilikuwa imelika kwa nyayo za viatu, mikwaruzo juu ya mikwaruzo. Huyo mtoto wa huko alikuwa akipanda na kushuka mwenyewe, tena na tena, mpaka siku alipokataa kupanda kabisa na mama yake akakitoa nje ya nyumba. Nilimwonea wivu mwanamke nisiyemjua, wivu mchungu, nikamwambia mwenye kibanda nitarudi.

Nilimuuliza yule dada wa kliniki. Alisema kigari cha kawaida hakitamshika mgongo sawasawa, anahitaji kiti chake maalumu, akaniandikia kwenye karatasi ni kiti cha namna gani. Alipoona ninavyoitazama ile karatasi alisema, kwa upole, kwamba kwa sasa naweza kumwegemeza kwa nguo pande zote mbili. Nilimshukuru. Ile karatasi sikumwonyesha mama.

Jumamosi mchana nikambeba mtoto kwenda kumpima. Mama aliniuliza tunaenda wapi nikasema tunaota jua. Mwenye kibanda aliponiona na mgongo uliojaa alifurahi kama tumeahidiana.

"Kumbe umemleta mwenyewe! Lete nimshike."

Na akafanya wanachofanya wanawake wote wa hapa. Mwenzako akianza kufungua leso, unasimama nyuma yake na kunyoosha mikono umpokee mtoto asidondoke. Huombi ruhusa, unapokea tu. Nilijua atafanya hivyo, na bado sikumwambia kitu. Nilifungua fundo la leso kifuani.

Mikono yake ilikuwa imejiandaa kwa uzito wa miezi minane. Nilisikia akivuta pumzi, nikasikia hatua yake moja ya kurudi nyuma, na nilipogeuka alikuwa amemkumbatia mtoto kwa nguvu zote, kidevu chake juu ya ile kofia ndogo, na miguu mirefu ya binti yangu ikining'inia mpaka magotini pake. Mtoto wangu, ambaye hupenda watu wapya, alicheka.

Tulimweka pamoja kwenye kigari. Nilimwegemeza kwa leso upande wa kushoto, yeye akachukua sweta mbili kutoka kwenye rundo lake akazisokota upande wa kulia. Akafungua ile kamba ya kiatu, akairefusha, akaifunga tena taratibu, mara mbili. Magoti yalipita ukingo wa kiti na nyayo zilikaa pale palipolika kwa nyayo za yule mtoto wa huko, zimegeukia ndani.

"Leta tu thao moja, mami," akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. Sikuwa customer tena.

Tangu nizaliwe sijawahi kupunguziwa bei bila kuomba, sembuse kutoka elfu tatu hadi elfu moja. Katika soko la Kamere mtu hupigania shilingi kumi za sukumawiki mpaka mishipa ya shingo isimame. Nilihisi uso ukiwaka. Nilitoa elfu mbili na mia tano, bei ambayo tungefikia kwa kubishana kama ningekuwa na mtoto wa miezi minane, nikaziweka juu ya sweta.

"Si nimesema thao, mami."

"Nimesikia ulichosema."

Ulikuwa ujinga. Hizo pesa zilikuwa na kazi nyingine, na yule mwanamke hakuwa amenikosea.

Kumsukuma kwenye vumbi la barabara ile ni kazi ya punda. Lile gurudumu liliburuta, nikawa nainua mbele na kusukuma kwa magurudumu ya nyuma. Nilizoea kumsikia mgongoni, pumzi yake na ule mlio wake mdogo anaofanya tukitembea. Sasa sikumsikia wala sikumwona uso, kila hatua chache nikawa nazunguka mbele kumtazama. Watu walionisalimia miaka mitatu walitazama miguu, kisha wakatazama pengine, wakanisalimia kwa adabu zaidi ya kawaida.

Njiani nilipanga maneno. Nilijua mama atasema nimemkalisha, na nilikuwa na jibu kuhusu viganja vyake. Atasema mtu mwenye jina lake hawezi kusukumwa kama mzigo, na kwa hilo pia nilikuwa na jibu, kali. Nilitaka tugombane. Nilitaka anikatalie kabisa, anitume nikirudishe.

Alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele. Alitazama kigari kikiingia, akaweka sinia chini, akainuka kwa kushika fremu ya mlango. Alikizunguka mara moja. Alitikisa mpini. Kisha akainama, akatandaza kiganja chake chenye makovu mapya na kupima kwa shubiri kutoka ukingo wa kiti hadi goti la mtoto.

"Mwaka ujao hatatoshea hapa," akasema. "Na mwaka unaofuata je? Ungetafuta kikubwa."

Nilimuuliza amejua tangu lini kwamba hatatembea. Alinijibu huku akimfuta mtoto vumbi usoni kwa ncha ya leso, bila kunitazama.

"Kwani wewe ulijua lini?"

Majibu yangu yote yalikuwa bado mdomoni na hayakuwa na kazi. Tulikuwa watu wazima wawili katika nyumba ile, na miaka yote nilidhani angalau mmoja wetu bado anangoja.