Kaka yangu anataka mume wangu apande boti kuja kuniposa upya

Asalaam aleikum admin, mwakeye Waha wenzangu. Wakubwa wote shikamooni, wadogo hamjambo. Sisi huku Ujiji tunamshukuru Mungu. Baba watoto mzima, bado anaendesha gari la serikali. Mama mkwe tunaye, masikio tu ndiyo yamegoma. Binti yangu wa Rusimbi hajambo na mapacha wake, na mdogo wake wa dukani hajambo. Mimi ndiye sijambo nusu. Naomba mfiche jina langu, na mnisamehe mwandiko, shule niliishia la nne.

Nina miaka hamsini na nne. Nina sukari, najichoma sindano asubuhi na jioni, nazihifadhi kwenye mtungi maana friji hatuna. Zote nazipata kwa bima ya mume wangu. Marehemu dada yangu alikuwa na ugonjwa huu huu na bima hana, akawa anaruka sindano. Walimkata mguu, na mwaka haukuisha tukamzika. Kwa hiyo mkiona naogopa, naogopa kitu nilichokiona kwa macho.

Sasa mume wangu anastaafu mwaka huu. Walimwambia bima itaendelea, yeye na mkewe, tukafurahi. Kupeleka karatasi, wanataka cheti cha ndoa. Hatuna. Zamani nilipoandikishwa ilitosha barua ya mtaa. Ndoa yetu ilifungwa kwetu Mwamgongo, ambako hufiki ila kwa boti, baba yangu na mwalimu wa madrasa, mume wangu akawakilishwa na mjomba wake, nani angewaza cheti, na walioshuhudia wote wameshakufa. Sheikh wa hapa hakutusumbua, alisema, "Nitawafungisha upya mpate cheti, ila walii wake aje." Baba hayupo, kwa hiyo walii wangu, wa kuniozesha, ni kaka yangu mkubwa.

Na kaka ana kinyongo. Baba alipofariki mume wangu hakuja kuzika, alituma mchele na sukari. Nilimfuata kaka Katonga anakouza dagaa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Dereva wako hajambo?" Hata neno shemeji hakulitamka. Nikamweleza yote, yeye anapepeta dagaa wake tu, halafu akasema, "Mwambie aje kuposa. Apande boti aje Mwamgongo kama wanaume wenzake, tumuulize ametoka ukoo gani."

Nikamwambia, kaka, nina wajukuu mimi.

"Na wajukuu waje. Watabeba mikeka."

Wanawake wa pale wakacheka, na mimi nikacheka nao, machozi yananitoka.

Nilipomfikishia mume wangu akawa mkali. "Nikampose bibi mwenye wajukuu mapacha? Asipotaka aache." Wote wanaona ni kiburi. Sicho, ndugu zangu. Mume wangu anaogopa maji. Akiwa mtoto mtumbwi uliwapindukia, kaka yake akazama yeye anatazama. Tangu siku hiyo boti hapandi, na ndiyo maana hakuja kumzika baba. Aliniambia tukiwa bado vijana, akaniapisha nisimwambie mtu.

Juzi nilimsihi sana, akakubali. Akavaa kanzu tukaenda Kibirizi. Mimi nimeshakaa ndani ya boti, yeye amesimama nje ameshika kamba, jasho linamtiririka kama anaumwa. Watu wanamwita, "Mzee, panda tuondoke." Hakupanda. Nikashuka, boti ikaenda. Akaniambia, "Mama watoto, ingekuwa ni barabara ningekwenda hata kwa miguu. Nisamehe." Akalia pale pale mbele ya wapakiaji. Sijawahi kumwona akilia, hata msibani.

Nikimweleza kaka ukweli huenda atalainika, ni ndugu yangu, moyo anao. Lakini mdomo wake naujua. Kabla ya magharibi Katonga nzima itakuwa inamtania mume wangu, mtu mzima anayeogopa ziwa, tena ameoa kwa wavuvi. Na yeye mwenyewe atajua ni mimi nimesema. Kazi inamwisha, heshima yake ndiyo pekee anayostaafu nayo. Nikinyamaza, atastaafu mimi sijaandikwa, na sindano hizi sijui nitazitoa wapi. Nimefikiri mpaka kichwa kinauma, chakula hakipiti.

Ijumaa hii kaka anashusha dagaa Katonga, nami nitakwenda. Mnaonionea huruma semeni kitu, mama yenu nimekwama. Nimwambie, au nife na siri ya mume wangu? Nijibuni upesi kabla ya Ijumaa.