Zamu ya Burmakan

Kabla hajatimiza miaka thelathini, Burmakan alikuwa akiijua misiba ya Naryn kabla ya wafiwa wenyewe. Alikaa mbele ya mashine ya telegramu katika posta ya mji ule wa milimani, maneno yakitoka kwenye utepe mwembamba wa karatasi, naye akiukata na kuubandika kwa gundi. Mtoto kazaliwa. Baba hali mbaya, njoo. Wakwe wamekubali. Alifundishwa kutoonyesha kitu usoni, na hakuonyesha.

Wanawake wa posta walikuwa na sherine yao, kama walivyo nayo watu wa kazi moja huku kwetu. Kila mwezi mmoja hupika nyama, hutandika kitambaa, na wenzake huja nyumbani kwake kula mpaka washibe. Mwisho wa chakula aliye mkubwa kwa umri huinua mikono, huiombea nyumba heri, kisha humtaja anayefuata. Anayetajwa hakatai. Burmakan alikuwa mdogo wao, hivyo zamu yake ilikuwa ya mwisho. Alikula kwa wote. Siku Toktokan, mkubwa wao kwa umri, alipolitaja jina lake, wote waliitikia amina.

Mwezi ule mishahara ilikoma. Nchi kubwa waliyozaliwa ndani yake ilikuwa imevunjika, na mashine za telegramu zilipakiwa kwenye lori kama vyuma chakavu. Mumewe alikwisha kwenda kutafuta kazi na habari zake zikakatika. Burmakan hakuwa na kondoo, wala hakuwa na uso wa kuwawekea wenzake chai na mkate tu. Akamwacha mwanawe kwa bibi yake, akafunga mzigo, akashuka mji mkuu, Bishkek, bila kumuaga mtu.

Watu wa wakati ule hupenda kusema hali ilikuwa ngumu, na kweli ilikuwa ngumu. Lakini chai ilikuwepo, na mkate ulikuwepo. Mashine ziliondolewa na serikali. Burmakan aliondoka kwa miguu yake mwenyewe, baada ya kula kwa wenzake wote. Tofauti hiyo aliijua, na hakuwahi kujidanganya juu yake.

Bishkek aliuza makoti ya Kichina kwenye soko la makontena. Yeye aliyezoea kunyamaza alijifunza kunadi, na alijifunza kusifia zipu aliyojua itakatika kabla baridi haijaisha. Wauzaji nao walikuwa na sherine, lakini ya mkahawani: mwenye zamu analipa, muziki unapigwa, na kila mmoja anautazama mkoba wa mwenzake. Burmakan alilipa zamu zake zote. Hakuna aliyejua anaishi wapi. Mpaka wa nchi ulipofungwa na mali ikakwama, kontena lake lilichukuliwa na mtu mwingine, na wenzake hawakumtafuta. Wangemtafutia wapi?

Kisha Moscow, kufagia ngazi za maghorofa. Huko alikuwa na kitanda katika nyumba iliyojaa wanawake wa kwao, na mchana kitanda hicho kilikuwa cha mwingine aliyefanya kazi usiku. Mtu hawezi kumkaribisha mgeni kitandani. Mwanawe alikulia mikononi mwa bibi, akaja Urusi yeye pia, akaoa mjini Kazan, na humpigia mama yake simu siku za sikukuu. Wajukuu wanaongea Kirusi tu. Burmakan huwajibu kwa Kirusi alichookota ngazini: habari za asubuhi, tafadhali piteni pembeni, sakafu imelowa.

Magoti yalipogoma alirudi Bishkek, akapanga chumba kimoja, na akiwa na miaka sitini na kitu akaanza kazi ya nne kama mwanafunzi. Ilikuwa karakana ya kushona, chini ya ghorofa, mali ya kijana aitwaye Ulan. Wasichana walishona magauni. Burmakan alikata nyuzi zilizoning'inia na kuyakunja. Walimwita mama, walimsaidia kubeba marobota, na saa ya chai walimwekea kiti karibu na jiko. Lakini walipoanza kuzungumza juu ya nani anapika mwezi huu, walipunguza sauti.

Siku moja aliuliza wazi. Perizat, aliyekuwa kiongozi wao, akaona haya. Akaeleza kwamba hawakumtenga, ila walidhani chakula cha kuzungukiana kitamchosha, na tena chumba chake ni kidogo.

"Tutaingia kwa mafungu," alisema Saikal bila kuinua macho kwenye cherehani. "Fungu la kwanza likimaliza supu, lisukumwe dirishani."

Wakacheka. Saikal ulimi wake ulikuwa mkali kwa kila mtu, na Burmakan alikuwa shabaha yake ya kila siku. Alipenda kumwambia, mama, wewe si ndiye wa telegramu, mtumie Ulan moja basi: mishahara mahututi, njoo haraka.

Perizat akasema vizuri, mama aje tu ale nao mwezi huu, zamu yake itafika mbele ya safari.

"Hapana, binti yangu," alisema Burmakan. "Nitapika kwanza. Kula nitakula baadaye."

"Desturi si hivyo, mama."

"Yangu ni hivyo."

Hakuwaeleza sababu. Wakakubaliana Jumapili ya mwisho wa mwezi, na Burmakan akaanza kuazima mabakuli kwa majirani ambao mpaka siku hiyo walikuwa wakisalimiana naye kwa kichwa tu. Alitoa kitanda nje ya chumba. Alikaanga maandazi madogo ya mafuta mpaka nywele zake zikanuka.

Siku chache kabla ya Jumapili hiyo Ulan aliwakusanya. Wanunuzi wamepotea, cherehani zimeuzwa, karakana imefungwa. Aliongea haraka, akiwatazama viatu. Jioni ile ile wasichana walikuwa wakipiga simu kutafuta karakana nyingine, na Burmakan alisimama mlangoni na mkasi wake mkononi. Kupoteza kazi alikuwa amezoea. Alichotaka kuuliza kilikuwa kimoja tu, kama Jumapili watakuja. Aliyewahi kukimbia zamu yake anawezaje kuwadai wengine waje?

Walikuja. Jumapili walikuja wote, wakabanana sakafuni kama mbegu, wakala nyama na tambi mpaka kijiko kikakwangua sufuria. Lakini mazungumzo yote yalikuwa ya mahali pengine: karakana gani inaajiri, nani anavuka kwenda Kazakhstan, bosi gani hacheleweshi mishahara. Simu zililia katikati ya supu. Kisha wakazizima, maana aliye mkubwa kwa umri alikuwa mwenye nyumba mwenyewe, na ilimpasa kuinua mikono.

Burmakan akaomba heri. Ilipofika mahali pa kumtaja anayefuata, akawatazama uso mmoja mmoja. Kila aliyetazamwa aliinamisha kichwa. Kesho wasingekuwa watu wa kazi moja, na sherine bila kazi haina jina.

"Anayefuata ni mimi," alisema. "Hapa hapa, Jumapili kama hii."

Perizat akasema polepole kwamba zamu hairudii mlango ule ule. Burmakan akajibu kwamba anajua. Wakaitikia amina, wengine wakiwa wameshashika makoti.

Mwezi huo aliupitisha akiosha masufuria katika kantini, kazi yake ya tano. Wenzake huko walikuwa mvuke na bomba. Jumapili ilipofika akapika sufuria ile ile, kwa kipimo kile kile, kwa sababu aliyeahidi hapunguzi nyama kwa kukisia nani hatakuja. Perizat alituma ujumbe: karakana mpya inafanya kazi Jumapili, samahani, mama. Mwingine alikuwa amekwishavuka mpaka. Wengine hawakusema neno. Burmakan alikaa mbele ya kitambaa kilichotandikwa ukuta hadi ukuta, supu ikianza kushika mafuta juu, akasema moyoni kwamba Toktokan na wenzake nao walikaa hivi.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Saikal, na nyuzi bado zimemshika sweta.

"Wako wapi?"

"Wana kazi."

"Na mimi nina kazi. Nimemwambia bosi mama yangu ni mgonjwa." Akavua viatu. "Usinitazame hivyo, nina njaa."

"Ulikuwa na haja gani ya kudanganya?"

"Haya, kesho nitamwambia ukweli. Leo nipe supu."

Burmakan akapasha supu moto. Walikula katikati ya mabakuli matupu, na nyama ilibaki nyingi mno. Walipomaliza, Burmakan akafungua viganja, akaomba heri kama vile chumba kimejaa, kisha akakwama.

"Taja basi," alisema Saikal. "Ni mimi. Nalala chumba kimoja na wasichana watano, utakaa juu ya sanduku. Na usifikirie utapumzika sana. Tuko wawili tu, zamu itakurudia upesi."

Burmakan akamtaja kwa jina lake lote, akaitikia amina mwenyewe, akajipangusa uso kwa viganja.